Stika au rangi: Impreza yangu ilivyotoka nyeusi ikawa bluu

Kwenye droo ya meza yangu kuna kipande cha stika ya bluu, ukubwa wa kiganja. Ukikigeuza upande wa gundi utaona kimeng'oa rangi nyeusi ya gari langu, na juu ya hiyo nyeusi kuna utando wa puti ya waridi, ile lipu ya kuzibia mabonde ya bodi. Nimekitunza kwa sababu ndicho kilichokata shauri lililonisumbua miezi minne: nilivishe gari zima stika, yaani utando wa plastiki wenye gundi, au nilipige rangi.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004. Nilikulia Moshi, na kwenye duka la vipuri jirani na kwetu palibandikwa picha ya Impreza ya bluu yenye rimu za dhahabu, inapasua dimbwi la matope. Mwenye duka hakuchoka kutusimulia Safari Rally ya 1997, jinsi dereva Colin McRae alivyoshinda kule Kenya na gari la rangi ile. Nilipofikia kununua la kwangu, niliyoimudu ilikuwa nyeusi. Injini nzima, gia zinaingia vizuri, bei tukaelewana. Nikaichukua, lakini kila nilipoiegesha nyumbani, mtaa wa Sakina, Arusha, nilikuwa naiona ya bluu.

Bluu niliyoitaka ina jina na namba: WR Blue Mica, 02C. Ndani yake kuna chembechembe za mika, madini yanayong'aa, zinazorudisha mwanga, ndiyo maana asubuhi inaonekana imetulia na saa saba mchana inawaka. Chembe hizo zilikuja kutupa kazi, nitafika huko.

Mwanzoni nilikuwa upande wa stika moja kwa moja. Kijana anayefanya kazi hiyo hapa Arusha alinionyesha magari mawili aliyoyavisha, na kwa mbali usingejua kwamba si rangi. Hoja yake kubwa ilinigusa: rangi ya kiwandani inabaki chini, salama, na siku ukichoka unabandua. Mnunuzi wa gari hapa kwetu swali lake la kwanza ni kama limepigwa rangi, na ukisema ndiyo anaanza kutafuta ajali. Stika inakuondolea swali hilo. Pia kazi ni ya siku tatu au nne, wakati rangi ni wiki mbili ukiwa na bahati.

Alinifundisha pia kutofautisha stika na stika, na hapo namshukuru. Ipo inayotengenezwa kwa kupitisha plastiki kati ya rola nzito mpaka ikawa karatasi. Hiyo ndiyo nyingi kwenye maduka ya mabango. Ukiivuta kwenye kona ya bampa inakubali, lakini inakumbuka umbo lake la mwanzo, na jua likipiga inaanza kurudi nyuma na kuachia kingo. Nyingine inamiminwa ikiwa majimaji kisha inakaushwa. Hiyo haikumbuki kitu. Inalala kwenye kila mkunjo. Za kampuni za 3M na Avery Dennison za kuvisha magari ni za aina hii ya pili, huja kwenye rola la upana wa mita 1.52, na gari kama langu hula karibu mita 18. Kwa stika hiyo na kazi yake alinitajia shilingi milioni 3.8.

Nilipomuuliza itadumu muda gani hakunificha. "Kaka, milangoni itakaa miaka mingi. Boneti na paa ndiyo zitatangulia kuchoka." Hata watengenezaji wenyewe huwa wanatoa dhamana fupi zaidi kwa sehemu zilizolala zinazotazama jua. Sisi tuko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa Ikweta na mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ubaridi wa Arusha hudanganya ngozi, lakini mionzi ya jua huku juu ni mikali kuliko pwani, na gari langu halina banda, linashinda juani. Na stika ikichelewa kutolewa inakauka, inakatika vipande vidogo kama ganda la yai, na gundi inabaki kwenye bodi.

Bado nilikuwa naelekea huko. Kabla ya kulipa nikaenda mtaa wa Unga Limited kwa mzee mmoja fundi rangi, nikitaka tu kulinganisha bei. Hakutaja bei. Alitoa mfukoni sumaku ndogo aliyoifunga kwa kitambaa laini, akaanza kuizungusha kwenye gari kimya kimya. Mlango wa mbele: tap, imeshika. Mlango wa nyuma: tap. Ilipofika kwenye boneti ikateleza ikaanguka mkononi mwake, na mimi moyo ukanidunda, nikadhani boneti nzima ni puti.

"Tulia, mwanangu. Boneti ya hii gari ni aluminiamu, haishikwi na sumaku."

Kisha akafika ubavu wa nyuma kushoto, juu ya tairi. Sumaku ilishika kwa uvivu, ukiiachia inashuka taratibu. Akaisogeza sentimita kumi, ikashika vizuri. Akairudisha, ikashuka tena. Kwa kidole akanichorea mpaka wa eneo lile kwenye vumbi, mviringo mkubwa kama sinia. "Hapa liligongwa, na aliyelitengeneza alikuwa na haraka. Ukibandika stika hapa, siku ya kuitoa itaondoka na mali yako."

Sikubishana naye, lakini sikutaka kuamua kwa neno la mtu mwenye kazi ya kuuza. Nilirudi kwa kijana wa stika nikamwomba mabaki. Akanipa bila malipo vipande vitatu, akavibandika mwenyewe kwa kufuata taratibu zote, akasafisha kwa spiriti, akapasha moto kingo: kimoja mlango wa dereva, kimoja kwenye paa, kimoja ndani ya ule mviringo. Nikaendesha gari wiki mbili, jua, umande na vumbi la barabara ya kwetu.

Siku ya kuvitoa tulikuwa wote watatu, maana mzee naye nilimwomba aje. Kijana alishika mashine ya hewa moto, akapasha cha mlangoni mpaka kikalainika, akakivuta polepole kwa pembe. Kikatoka safi kabisa, rangi chini inang'aa kama haijaguswa. Cha kwenye paa kilitoka na magamba madogo ya klia, ile tabaka angavu inayopigwa juu ya rangi kuilinda, kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Hapo nikaelewa kwamba weupe niliokuwa nauona juu ya paa na kudhani ni uchafu ulikuwa klia iliyokwisha kufa. Cha tatu hakikumaliza hata sentimita tano. Nilisikia sauti kama ya kuchana kitambaa, na kipande kizima cha rangi kikaja nacho, kikaacha shimo lenye puti ya waridi na alama ya kutu pembeni.

Kijana alizima mashine. "Kaka, hii kazi siichukui," akasema. Nilimheshimu sana kwa maneno hayo, kwa sababu milioni 3.8 ilikuwa mkononi mwake.

Kwa wengi mjadala huu ni wa bei, au wa kipi kinapendeza. Kwangu mimi uliamuliwa na kilichokuwa chini. Stika ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, haifichi bonde wala kovu, na inashika kwa nguvu ileile ambayo rangi ya chini imeshika chuma. Ningekuwa na gari lenye rangi yake ya kiwandani mzima mzima, leo lingekuwa na stika, na nisingejuta. Langu lilihitaji kukwanguliwa kwanza, na ukishafikia kukwangua, praima na msasa, umeshalipa sehemu kubwa ya gharama ya rangi. Kuongeza stika juu yake ni kulipa mara mbili.

Mzee aliniambia milioni 2.4 na vifaa ndani. Tuliishia 2.75, na sababu nitaieleza.

Siku tano za kwanza hazikuwa na rangi yoyote. Taa, vitasa, mipira ya milango na bampa zote zilitolewa. Mimi mwenyewe nilikuwa nafunga boliti kwenye mifuko ya karanga na kuandika ilikotoka, na ninamshauri yeyote afanye hivyo. Ubavu ulikwanguliwa mpaka chuma kikaonekana, kutu ikaondolewa yote, ukanyooshwa kwa nyundo kwanza ndipo puti ikaja nyembamba. Paa na boneti zikasuguliwa mpaka klia mbovu ikaisha. Msasa namba 180, kisha 320, praima, halafu 800 kwa maji. Mzee alikuwa anapapasa bodi kwa kiganja huku amefumba macho, na mara mbili alirudia ubavu ule ambao mimi niliona umeshanyooka.

Kuhusu rangi, ilichanganywa dukani kwa namba yake. Mzee aliyamimina makopo yote kwenye ndoo moja, akakoroga, ili kopo la kwanza na la mwisho yasitofautiane. Akapulizia kwenye kibati, tukakiweka juani kando ya Impreza ya rafiki yangu ambayo ni bluu ya kiwandani. Chetu kilikuwa kimezama, cheusi zaidi. Nilitaka kurudi dukani kugombana. Mzee hakugusa rangi. Aliongeza upepo kidogo kwenye bunduki ya kupulizia rangi na kusogeza mkono mbali, akapulizia kibati cha pili. Kikalingana. Kumbe rangi ikishuka nzito na mbichi, chembe za mika huzama na rangi inakolea. Ikishuka nyepesi, zinabaki juu na rangi inang'aa. Kwa hiyo gari zima, milango na bampa, lilipaswa kupuliziwa na mkono mmoja, siku moja, upepo uleule, la sivyo lingekuwa na mabaka.

Ilikuwa Julai. Asubuhi ukungu umeufunika Meru na chuma ni baridi. Mzee hakuruhusu bunduki iguswe kabla ya saa tano. Alikuwa anaweka nyuma ya mkono kwenye paa, akitikisa kichwa, tunasubiri. Baridi inachelewesha hadina, dawa inayochanganywa ili klia igande, kufanya kazi, na unyevu ukinaswa chini ya klia unabaki humo. Sakafu ilimwagiwa maji kuulaza vumbi, na kompresa ilitolewa maji yake kabla ya kila mkupuo.

Sasa ile laki tatu na nusu. Siku moja kabla ya kulipeleka gereji nilikuwa nimeliosha gari na kupaka dawa ya kung'arisha matairi na bampa. Dawa zile huwa na silikoni. Bampa ya mbele ilipopuliziwa, rangi ikajikusanya na kuacha vitundu vya duara, vingi, kama macho ya samaki. Ikabidi isuguliwe yote, isafishwe upya, ipigwe tena. Makosa yalikuwa yangu, nikalipa. Sehemu iliyobaki ya pesa ile nilinunua barakoa mbili zenye vichujio vya mvuke wa kemikali, kwa mzee na kijana wake. Hadina ya klia ina isosayaneti, kemikali inayoumiza mapafu taratibu mpaka mtu anapata pumu ya kudumu, na kijana yule alikuwa amejifunga leso puani. Leso haizuii kitu, hata barakoa ya vumbi haizuii. Gari langu lisingependeza machoni pangu kama lingetoka pale na pumzi ya mtoto wa mtu.

Mikupuo miwili ya klia ilimaliza kazi. Tulipiga pia kingo za milango, ndani ya buti na chini ya boneti, kwa sababu kubadilisha rangi halafu ukifungua mlango unakutana na nyeusi, hiyo si kazi. Sehemu ya injini tuliiacha, maana ingetaka injini ishuke.

Nilipolichukua, mzee alinikataza kulipaka polishi yoyote kwa miezi miwili, maana hatukuwa na oveni na klia ilikuwa bado inajikausha ndani kwa ndani. Uso wake ulikuwa na vijishimo hafifu kama ganda la chungwa kwenye mlango mmoja. Baada ya miezi hiyo miwili alivilaza kwa msasa 2000 na kupiga bufu, havionekani tena. Nilikwenda pia TRA, Mamlaka ya Mapato, kubadilisha rangi kwenye kumbukumbu za gari, kwa sababu kadi ilisema nyeusi na trafiki anasoma kadi. Hata ningevisha stika, safari hiyo ningeifanya.

Siku ya kuondoka mzee alinipa kopo dogo lenye robo lita iliyobaki kutoka kwenye ile ndoo, ameandika 02C kwa kalamu ya wino mzito. Limekaa kwenye kabati la jikoni, mbali na jua. Kila mwisho wa mwezi nalitikisa na kuligeuza juu chini, mika isigande.