Sadini wa kuchoma, ufukweni Málaga

Mkiwa Málaga, kusini mwa Hispania, na watoto wameanza kulalamika njaa, elekeeni vibanda vya ufukweni vya Pedregalejo au El Palo. Tafuteni mashua kuukuu iliyojazwa mchanga, na juu yake kuni za mzeituni. Hapo ndipo inapochomwa espeto: sadini 5 au 6 kwenye kijiti kimoja cha tete, hawatumbuliwi, chumvi ya mawe basi.

Ufundi wote uko kwenye kijiti. Kinapitishwa chini ya uti wa mgongo, ili mfupa uwabebe samaki. Kikipita juu yake, nyama ikiiva tu inachanika na samaki anadondoka. Kisha kinachomekwa wima kando ya moto, upande unakotoka upepo. Ukikosea upande, moshi unawapiga samaki na wanakuwa wachungu.

Nendeni kiangazi, sadini wamenona na nyama haikauki. Chakula cha mchana huko ni kuanzia saa 8, msiwahi sana. Kuleni kwa mikono, wangali wa moto. Watoto wadogo watolewe miiba kwanza.