Siku ya 28, neutrofili hazijapanda

Majibu ya leo wodini: siku ya 28 tangu mgonjwa apandikizwe seli shina za ndugu yake, neutrofili (seli nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi) bado ziko chini ya 500 kwa mikrolita.

Swali la kwanza: uboho sasa ni wa nani?

Kipimo cha kaimerizimu, kinachoonyesha seli ngapi ni za mchangiaji na ngapi za mgonjwa, ndicho hujibu.

Seli zikiwa karibu zote za mchangiaji, pandikizi limeshika ila ni dhaifu. Tafuta kirusi cha CMV, kinachoweza kudhoofisha uboho. Kati ya dawa zake, gansiklovia hukandamiza uboho, foskaneti ni afadhali. Kisha seli za CD34 (seli shina) za nyongeza kutoka kwa mchangiaji, bila kemo mpya.

Zikiwa za mgonjwa, pandikizi limekataliwa: kemo tena, upandikizaji wa pili.

Kungoja jibu hilo kunaumiza sana familia.

Wauguzi wenzangu, nyie huwaelezaje?