Nilivyoenda Borobudur kuitafuta ngalawa, nikalala kijijini

Mi ni mtu wa Tanga, babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi pale Kigombe, kwahiyo siku nilipoona kwenye simu picha ya jiwe la Borobudur, hekalu la kale la Kibuddha, limechongwa chombo chenye mirengu pembeni, ile miti ya kukizuia kisipinduke, nikasema hii lazima niione kwa macho yangu. Nafasi ikaja Januari, nilikuwa Kuala Lumpur kwa kozi fupi ya kazini, na kutoka pale mpaka Yogyakarta kisiwani Java, Indonesia, ni ndege moja tu, masaa mawili na nusu hivi. Nikaongeza siku nne kwenye likizo nikaenda.

Watu wengi wanalala Yogyakarta mjini halafu wanaenda Borobudur asubuhi na kurudi, ni kama kilomita 40. Mi nikaamua nilale kijijini kabisa, Candirejo, karibu na hekalu, maana pale wanakijiji wenyewe wanapokea wageni majumbani kwao. Na nashukuru sana, kwasababu nilifika Jumatatu na Jumatatu walikuwa hawaruhusu mtu kupanda juu ya hekalu. Sikuwa nimelisoma hilo. Kama ungekuwa mjini ungekuwa umepoteza siku nzima, mi nilikuwa na kijiji.

Sasa ngoja niwaambie kuhusu kijiji maana hapa ndo roho yangu ilipobaki. Jirani alikuja jioni, kasimama nje ya mlango akaita "kulo nuwun", mama mwenye nyumba akajibu kutoka jikoni "monggo". Nikashtuka, hii si hodi na karibu kabisa? Nikamuuliza kwa programu ya tafsiri ya simu akasema ndiyo, mtu haingii nyumba ya mtu bila kusema hivyo. Pale mama mtu mzima unamwita Bu, baba unamwita Pak, kijana Mas, huwezi kutaja jina la mtu mkubwa hivihivi tu, na mtu yeyote aliyelelewa pwani anaelewa bila kufundishwa. Na lugha yao ya taifa, Kiindonesia, nayo! Habari ni kabar, wakati ni waktu, karatasi ni kertas, sabuni ni sabun, bendera ni bendera hivyohivyo. Yale ya Kiarabu na Kireno yaliyotufikia sisi na wao yaliwafikia. Jioni ya kwanza tulikaa barazani na Bu tunashindana kutafuta maneno mpaka adhana ya Isha ikaadhiniwa, maana kijiji kile wengi ni Waislamu, kwahiyo hata chakula sikuwa na wasiwasi nacho.

Chakula chenyewe sasa. Fenesi changa limepikwa kwa tui na sukari ya mnazi mpaka limekuwa la kahawia, wanaita gudeg, ni tamutamu kwahiyo omba na pilipili pembeni. Asubuhi wakaleta getuk, mihogo imechemshwa ikatwangwa na sukari ikanyunyiziwa nazi ya kukuna. Shokishoki zilikuwa msimu wake, mti uko uani unachuma mwenyewe. Bafuni kuna birika kubwa la maji na kopo, unajimwagia, hakuna cha kukushangaza kama umekulia kwetu.

Ile Jumatatu niliazima baiskeli nikaenda Mendut na Pawon, mahekalu mawili madogo ambayo pamoja na Borobudur yamepangwa karibu kwenye mstari mmoja ulionyooka. Mendut usiiruke. Ndani kuna sanamu ya Buddha ya mita kama tatu, amekaa kitini miguu imeshuka chini, na kuna ukimya pale ambao hata watoto walioingia na walimu wao walinyamaza wenyewe.

Jumanne ndo nikapanda. Tiketi ya kupanda juu ina idadi maalum kwa siku, unaikata mapema kwenye mtandao unachagua na saa, mnapanda kwa kundi na mwongozaji. Mnavaa ndala maalum zilizosukwa kwa majani jamii ya mkadi ili viatu visizidi kuzila ngazi za mawe. Hekalu lilijengwa kati ya karne ya 8 na ya 9 enzi za ukoo wa kifalme wa Sailendra, mawe yamepangwa na kushikana bila saruji, ghorofa tisa, juu kabisa kuna vile vijumba 72 kama kengele zenye matundu na Buddha ndani ya kila kimoja. Mwaka 2010 mlima Merapi ulipolipuka majivu yalifunika yote hayo, na mume wa Bu alikuwa mmoja wa waliopanda na brashi na ndoo kusafisha. Aliniambia hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anaeleza alivyofagia kaburi la mzee wake, na yeye ni Mwislamu wa swala tano.

Mwongozaji nilishamwambia toka chini, mi nataka chombo. Akanipeleka kwenye ujia wa kwanza, ukutani, mvua inanyunya. Kile pale. Matanga yamejaa upepo, mabaharia wanavuta kamba, na mrengu umetoka ubavuni kama nilivyozoea kuuona ukiwa umeegeshwa mchangani Kigombe. Zaidi ya miaka elfu. Nilisimama mpaka kundi likaniacha.

Halafu usitoke bila kuingia makumbusho ya Samudra Raksa, iko humohumo ndani ya eneo. Waliunda chombo cha kweli kwa kufuata yale mawe, ndicho kinaitwa Samudra Raksa, 2003 wakang'oa nanga Jakarta, wakapita Madagaska na Cape Town, 2004 wakafika Accra, Ghana. Chenyewe kimewekwa pale, unakizunguka. Nikampigia mjomba kwa video, yeye bado anavua, huko ilikuwa asubuhi ndo anarudi pwani. Nikamzungushia simu polepole. Hakuuliza umri wala bei, aliuliza kitu kimoja, "hebu sogeza hapo mrengu unapokutana na mti, wamefunga kamba au wamepiga msumari?"

Nikasogeza. Kamba.

"Nipige picha hilo fundo," akasema, "lipige pande zote mbili."