Mpwa wangu, saa ya Kiswahili na programu yake ya kwanza

Jumapili jioni

Binti wa dada yangu anasubiri matokeo ya kidato cha nne, na katika miezi hii ya kukaa nyumbani ameamua kujifunza kuandika programu za kompyuta. Kwa kuwa kazi hiyo ndiyo inayonilisha, swali lake lilinifikia mimi: "Mjomba, mtu asiyejua chochote aanzie wapi?" Nimelitafakari wiki nzima, kwa sababu jibu ambalo wengi humpa anayeanza ni orodha ya lugha za programu, majina ya kozi na aina za kompyuta, na mtu huipokea orodha hiyo akabaki palepale alipokuwa. Ninaamini, na nimezidi kuamini baada ya kukaa naye jana na leo, kwamba anayeanza yafaa aanzie kwenye hesabu ambayo jibu lake analijua tayari, ili mashine ikitoa jibu baya yeye mwenyewe awe hakimu wake.

Hesabu tuliyoichagua ni saa. Simu yake ikionyesha 15:00, yeye husema saa tisa alasiri bila hata kufikiri. Nilimwomba aandike kwenye daftari, hatua kwa hatua, anachokifanya kichwani, kwa maneno ambayo mtu asiyeijua saa yetu angeweza kuyafuata. Akaandika: chukua saa ya simu, toa sita. Tukaijaribu kanuni hiyo. Saba ikatoa moja, kumi na tatu ikatoa saba, kumi na nane ikatoa kumi na mbili, na zote zilikuwa sawa. Kisha akajaribu kumi na tisa, akapata kumi na tatu, saa ambayo kwetu haipo. Sita ikampa sifuri. Na tatu ikampa hasi tatu, ilhali anajua vema kwamba hiyo ni saa tisa usiku. Hakuna aliyemwambia kwamba kanuni ina kasoro. Aliiona mwenyewe, kwa kuwa majibu sahihi alikuwa nayo tangu utotoni. Baada ya muda akaongeza hatua mbili: jibu likizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili, likiwa chini ya moja, ongeza kumi na mbili. Saa zote za mchana na usiku zikakubali. Kompyuta yangu ilikuwa bado haijawashwa, na sehemu ngumu ya kazi ilikuwa imekwisha.

Nilimsimulia habari za Ada Lovelace wa Uingereza, ambaye mwaka 1843 alichapisha mpangilio wa hatua ambazo mashine iliyobuniwa na Charles Babbage ingezifuata ili kukokotoa namba za Bernoulli, yaani mfuatano maalumu wa namba katika hisabati, ingawa mashine hiyo haikupata kukamilika. Nilitaka aisikie kwa sababu nyumbani kwao hakuna kompyuta, na alikuwa na hofu kwamba bila kompyuta hawezi kuanza. Kwa kupanga hatua, daftari linatosha. Kwa kuzijaribu, simu yake ya Android inatosha kwa sasa, kwani kuna programu iitwayo Pydroid 3 ambayo, ikishapakuliwa, huendesha lugha ya Python ndani ya simu yenyewe bila kula kifurushi cha intaneti. Kuandika kwa kioo kidogo kunachosha macho na vidole, na ndiyo maana nitakuwa nikimwazima kompyuta yangu mwisho wa wiki, lakini sitaki asubiri mwisho wa wiki ndipo ajifunze.

Kuhusu lugha, nilimchagulia Python, nikamwomba asiiache hadi awe amekamilisha jambo moja linalofanya kazi. Guido van Rossum, Mholanzi, aliitoa kwa umma mwaka 1991. Ni ya bure, maandishi yake hayana alama nyingi za kutisha, na watafiti na makampuni makubwa huitumia kila siku, kwa hiyo anachojifunza leo hatakitupa kesho. Mwingine angemchagulia JavaScript, inayofanya kazi ndani ya kivinjari chochote, na nisingebishana naye. Hasara ninayoiona kwa vijana ni kuhama lugha kila wanapokutana na ugumu, kwa sababu ugumu wenyewe, yaani kupanga hatua, huwafuata wanakokwenda.

Jambo lililomsumbua zaidi lilikuwa Kiingereza. Nilimwonyesha kwamba maneno maalumu ya Python, yale ya Kiingereza ambayo lugha yenyewe imejiwekea, ni 35 tu, na kwamba kwa wiki za mwanzo atahitaji machache sana kati ya hayo, huku majina ya vitu ndani ya programu akiyachagua mwenyewe. Programu yake ina majina kama saa_ya_simu na jibu, na Python inayakubali bila tatizo lolote. Niliona jinsi uso wake ulivyobadilika alipoyasoma maneno yake kwenye kioo.

Kilichofuata ni somo ambalo ningependa kila anayeanza alipate mapema. Alipoiendesha programu na kuandika 15, Python ilikataa na kumwaga mistari myekundu, naye akataka kufuta kila kitu na kuanza upya. Nikamzuia. Ujumbe wa kosa katika Python husomwa kuanzia mstari wa chini kabisa, ambako aina ya kosa hutajwa, na juu yake huandikwa namba ya mstari lilipotokea. Hapo palikuwa na TypeError, yaani tulijaribu kuchanganya vitu vya aina mbili tofauti, na sababu yake ni kwamba chochote ambacho mtumiaji anaandika kupitia amri ya input hupokewa kama maandishi, hata kama ni tarakimu, na maandishi hayatolewi sita. Ukiyageuza kuwa namba nzima kwa int, hesabu inaendelea. Alipolielewa hilo, mistari ile myekundu ilianza kumwonekea kama msaada. Mtu anayeogopa ujumbe wa kosa ataacha kujifunza mapema, na anayeusoma kwa utulivu ana mwalimu wa kudumu hata akiwa peke yake.

Leo mchana tumeingia kwenye jambo ambalo sikulitarajia. Alitaka programu iseme pia kama ni asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku, na hapo akagundua kwamba watu wa nyumba moja hawakubaliani. Kwake 4:00 ni saa kumi alfajiri. Mama yake, aliyekuwa akichambua mchele karibu nasi, akasema ni saa kumi usiku. Wakajadiliana kwa muda mrefu, nami nikafurahi, kwa maana mashine haina maoni juu ya alfajiri inaanza lini. Mwandishi wa programu ndiye anayeamua mpaka uwe wapi, kisha anawajibika kwa uamuzi huo mbele ya watakaoitumia. Binti aliamua saa kumi iwe alfajiri, akaandika sababu yake pembeni ya daftari.

Kozi za bure zipo, na atazihitaji. Ile ya CS50, utangulizi wa sayansi ya kompyuta wa Chuo Kikuu cha Harvard, ni nzuri lakini huingia mapema katika lugha ya C, kwa hiyo nimemshauri aisogeze mbele kidogo. FreeCodeCamp, tovuti ya masomo ya bure ya kuandika programu, inafaa zaidi kwa sasa. Video nimemwomba azipunguze, kwa kuwa kumtazama mtu mwingine akiandika humpa mtazamaji hisia ya kuelewa kabla hajaelewa. Na akili mnemba aiulize maana ya kosa lililomshinda, asiiombe imwandikie jibu, walau katika miezi hii ambayo bado anajenga uwezo wa kutambua jibu baya.

Kazi ijayo tumeshaipanga. Mama yake ni mweka hazina wa kikoba ambacho mwanachama hununua kati ya hisa moja na tano katika kila kikao, na hesabu zote ziko kwenye daftari lenye jalada gumu. Binti ataandika programu inayopokea hisa za kila mwanachama, inayokataa sifuri na inayokataa sita, kisha itoe jumla ya fedha ya kikao. Ataijaribu kwa kurasa za zamani ambazo jumla zake zimekwisha kuhakikiwa na wanachama wenyewe, na mama yake amekubali kukaa pembeni akisoma tarakimu.