Saa nne asubuhi, dozi umeshakunywa, sasa unaenda wapi?

Kila nikikutana na ndugu swali ni moja, "mdogo wako ameshaacha unga?", yaani heroini, na mi siku hizi najibu tu ndio shangazi, ameacha, maana nikianza kueleza watu wanaangalia simu. Ngoja nieleze humu basi, mwenye muda atasoma.

Kwanza hii habari ya kuacha. Mtu akishakula unga miaka hatafuti tena raha, anakimbia arosto, yale mateso ya mwili ukikosa dawa uliyoizoea. Miayo, mafua, machozi yanatoka yenyewe, tumbo la kuharisha, mifupa inauma, mara baridi mara jasho. Familia nyingi zinachofanya ni kumfungia ndani, anagaragara, siku ya pili ya tatu ndo mbaya kabisa, halafu inaanza kushuka na ndani ya wiki hivi anaomba ugali. Hapo sasa watu wanashukuru Mungu, wanachinja kuku, imeisha. Haijaisha bana. Arosto ya mwili imepungua lakini kichwa bado kiko kijiweni, na mwili umeshasahau ule uzito wa zamani, kwahiyo siku akiteleza akachukua kipimo kile kile alichokizoea anaweza kuacha kupumua palepale. Ndo maana aliyetoka jela au soba haus (nyumba ya kuwasaidia watu waache unga) juzi juzi ananitisha kuliko anayetumia kila siku.

Mdogo wangu yuko kwenye methadoni, dawa ya kunywa ya hospitali inayotolewa badala ya heroini. Tanzania ilianza kutoa Muhimbili mwaka 2011, baadae zikafuata Mwananyamala, Temeke, Zanzibar wakaanza 2015, na mikoa mingine. Ni bure. Kwa kawaida unaenda kila siku, unasimama dirishani, unakunywa mbele ya nesi na unaongea kidogo aone umemeza kweli. Mtaani wanasema wamembadilishia unga kwa unga. Mi nawaelewa wanaosema hivyo ila wanakosea, kwasababu heroini inakupandisha na baada ya masaa machache inakuangusha unaanza kutafuta tena, wakati methadoni inaingia taratibu na kukaa siku nzima, hupandi huanguki, unaweza kwenda kazini na ukakaa na watu. Ina kero zake, jasho, choo kigumu, na ukichanganya na pombe au valiamu, vile vidonge vya usingizi, unaweza kufa, hilo wanaambiwa kila siku na bado wapo wanaochanganya.

Lakini nilichotaka kusema hasa ni kuhusu saa nne asubuhi. Dozi umeshakunywa, umetoka getini, jua linawaka, sasa unaenda wapi? Watu hawajui teja ni mtu bize kuliko meneja wa benki, alfajiri yuko barabarani anatafuta hela, anaokota vyuma chakavu, anapiga debe stendi, akipata anatafuta kete, kipakiti cha unga, akimaliza anaanza upya mpaka usiku. Ukimtoa kwenye unga umemtoa kwenye ratiba, marafiki, kila kitu, halafu unamwambia akae nyumbani atulie. Atulie na nini?

Kilichomsaidia wa kwetu sio mawaidha, mawaidha alipewa ya kujaza gunia. Alipata kibarua kwa fundi sofa, na mwenyewe akamuomba fundi hela yake isipite mkononi kwake, itumwe kwenye simu ya mama. Mwanaume mzima anaomba nauli asubuhi kama mwanafunzi, lakini anasema noti mfukoni jioni ndo inaongea kuliko hata kuona unga wenyewe. Daladala anashuka kituo cha mbele anarudi kwa miguu kupitia msikitini, asipite maskani ya zamani. Namba za wale jamaa kafuta, na laini kabadilisha.

Kwenye vikao vya NA (Narcotics Anonymous, kundi la watu wanaosaidiana kuacha dawa za kulevya) wanafundishana vitu vinne vya kuchunga, njaa, hasira, upweke na uchovu, kwamba hamu ikija jiangalie kwanza una kipi kati ya hivyo. Nilidhani ni porojo za semina mpaka nikaona kwa macho. Njaa kwake ni rahisi, mama anamwachia kiporo. Hasira ndo shughuli. Kuna siku mtungi mdogo wa gesi haukuonekana na nyumba nzima ikamgeukia yeye, shemeji akasema maneno ambayo siyaandiki hapa. Mtungi uko kwa jirani, bi mkubwa mwenyewe alimwazima akasahau. Yeye alishatoka, na mi nilijua kaenda kulekule. Kumbe kaenda kwa mwelimishaji rika wake, jamaa aliyepitia hayohayo, ana kigenge cha matunda, akamkalisha pale anamenya mananasi mpaka baada ya isha. Hawakuongea sana, anasema. Hamu ilipanda, ikakaa, ikashuka, na ndivyo inavyokuwa, haikai muda mrefu kama huna pa kuikimbizia.

Shemeji mpaka leo hajaomba radhi. Kwa kweli hilo linaniuma kuliko mengi, kwasababu tunamtaka yeye abadilike kila kitu na sisi tubaki vilevile na midomo yetu.

Sasa hivi habari mpya ni lini atamaliza dawa. Mjomba ndo kinara, kila akija ni hilo, anaona kama kijana kafungwa kamba hospitali. Kuna wanaopunguzwa kidogo kidogo na daktari mpaka wanatoka, na kuna wanaokaa miaka na maisha yanaenda, haina haraka, wengi wanaokurupuka kuacha wanarudi maskani. Juzi mjomba kaanza tena tukiwa tunakunywa chai, dogo akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, halafu akamuuliza, "na wewe mjomba, vidonge vya presha unamaliza lini?" Bi mkubwa alipaliwa na chai.