Lini utakuja kwetu kabisa?

Mama mkwe ameniuliza tena leo baada ya misa, tukimenya ndizi za mtori: "Mwanangu, lini utakuja kwetu kabisa?" Anataka nihamie Kanisa lake, na hakuuliza kwa ubaya. Nikamjibu, "Mama, mimi nipo," akatikisa kichwa, tukaendelea kumenya. Sasa watoto wamelala, na jibu lile naliona fupi mno.

Mimi ni Mlutheri wa Machame, mume wangu ni Mkatoliki wa Kibosho. Kwa asiyeujua Mlima Kilimanjaro, hawa ni majirani wa kutazamana. Wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, na Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika la Kikatoliki, wakaweka misheni yao Kibosho miaka hiyo hiyo. Wazee wetu wakabatizwa na yule aliyewafikia. Babu wa babu yangu hakuketi kupima hoja za Luther na za Papa ndipo akachagua. Nikilikumbuka hilo nashindwa kumdharau mtu kwa dhehebu lake. Ningezaliwa ng'ambo ya korongo ningekua na rozari mkononi, na ningeipenda kwa moyo wangu wote.

Lakini nilizaliwa upande huu, na Kanisa la upande huu ndilo lililonilea. Nilikariri Katekisimu Ndogo, kitabu cha Luther cha misingi ya imani, darasa la kipaimara, na kila amri tukaulizwa, "Maana yake nini?" mpaka nikazoea kuiuliza imani yangu swali hilo. Nimelelewa na matarumbeta ya alfajiri ya Pasaka. Na mnada! Ibada ikiisha hatutawanyiki. Mzee wa kanisa anainua mkungu wa ndizi, kisha kuku aliyefungwa miguu, kisha mayai ndani ya bakuli la plastiki yaliyoletwa na mjane asiye na fedha ya kuweka kwenye bahasha. Mtu ananunua yale mayai, anayarudisha mezani yauzwe tena, mwingine ananunua, anarudisha. Mwishowe mayai ya yule mama yanakuwa yametoa sadaka kubwa kuliko ya mwenye gari, naye amesimama pale pale anashuhudia. Sijui mahubiri yanayoweza kunifundisha zaidi ya hapo.

Kwa Wakatoliki nimejifunza kunyamaza. Kule kwetu kila nafasi tunaijaza kwa wimbo. Parokiani, baada ya komunyo, kanisa zima linapiga magoti na kimya kinakaa, hata watoto wanakihisi. Nimejifunza pia jumuiya. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua miaka ya 1970 kwamba Kanisa liishi katika jumuiya ndogo ndogo, nyumba kwa nyumba, na mimi nimeliona tunda la uamuzi huo jikoni kwangu. Mtoto wetu wa pili alipolazwa, wanawake wa jumuiya walipokezana kuleta uji hospitalini, wakafua, wakamlisha yule mkubwa. Hakuna aliyeuliza mimi nimebatizwa wapi.

Ikifika komunyo, nabaki kwenye benchi. Mume wangu anapanga foleni, mimi nasogeza magoti watu wapite. Rafiki zangu huniambia, "Si upokee tu, nani atakujua?" Mimi nitajua. Kupokea pale ni kusema Amina kwa yote ambayo Kanisa lile linafundisha, na yapo ambayo bado siwezi kuyasemea Amina. Binti yangu alipomwona mchungaji mwanamke wa usharika wetu akiwa madhabahuni akibariki mkate na divai, aliniuliza kwa nini parokiani hajawahi kumwona mama akifanya hivyo. Swali lake ni langu pia. Mume wangu naye, tukienda Machame, haji kwenye Meza ya Bwana, kwa sababu Kanisa lake halimruhusu, na simlazimishi.

Mwaka 1999, kule Augsburg, Ujerumani, Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema, jambo lile lile lililowatenganisha karne ya 16. Mwaka 2016, kule Lund, Uswidi, Papa Fransisko na viongozi wa Shirikisho la Walutheri Duniani wakataja wazi uchungu wa watu wanaoshiriki maisha yote pamoja lakini hawawezi kushiriki meza moja. Nilipoisoma sentensi hiyo nililia. Ni sisi hao.

Ndiyo maana sipendi maneno ya "Mungu ni mmoja, madhehebu yote sawa." Mdogo wangu ameokoka, amebatizwa upya kwa maji mengi, na anaamini kwa dhati kwamba ubatizo wetu wa utotoni hautoshi. Nikimwambia yote ni sawa, nitakuwa sijamsikiliza. Tunabishana mpaka usiku, kisha tunaomba pamoja, yeye kwa sauti, mimi polepole. Nayaheshimu maombi yake. Mafuta ya upako yanayouzwa kwa wagonjwa siyaheshimu, na yeye pia hayapendi.

Jambo moja linanikasirisha kote kote: mazishi ya daftari. Mtu amefariki, familia inalia, na kiongozi anafunua daftari la michango na mahudhurio aone kama marehemu anastahili ibada. Nimeliona kwa Walutheri, nimeliona kwa Wakatoliki. Kristo aliyemwambia mhalifu msalabani, "Leo hii utakuwa pamoja nami peponi," hakuomba stakabadhi. Tunabishana juu ya meza, na huku tunakubaliana vizuri kabisa katika hili baya.

Kwa hiyo, mama, sihami. Si kwa sababu nyumba yako sijaipenda. Nitaendelea kuja misa, nitaendelea kuhudhuria jumuiya, na nitasali Baba Yetu pamoja nanyi hata pale sauti yangu inaposema "ufalme wako uje" nanyi mnasema "ufike." Tulipofunga ndoa, mwanao aliahidi kufanya kila awezalo watoto walelewe Ukatoliki. Niliisikia ahadi hiyo na nikaikubali kwa hiari. Mafundisho ya komunyo ya kwanza ya mkubwa wetu yanaanza Jumamosi. Baba yake atakuwa kazini, kwa hiyo mimi ndiye nitakayempeleka, na jioni nitamuuliza alichofundishwa, na maana yake nini.