Mfalme Aliyewahi Mno

Wiki nzima nilikuwa nikiringia mwendo mtupu, hila ya kuifanya programu ya sataranji ione mbele zaidi. Kabla ya hapo programu yangu ya sataranji ilipogoa mti wa miendo inayowezekana kwa mbinu ya alfa-beta peke yake, njia isiyomdhulumu mtu: matawi inayoyakata yasingebadili jibu hata yangechunguzwa yote. Lakini katikati ya mchezo, penye miendo kama 35 kwa kila zamu, ilichechemea kwenye kina cha miendo 6 mbele. Nilipoitia mwendo mtupu ikafika 8 kwa muda uleule. Hila yenyewe ni nyepesi: mpe mpinzani zamu ya bure; kama hata hivyo bado uko juu, tawi hilo la nini? Likate.

Kisha rafiki yangu akaja kucheza nayo. Wakabaki wafalme na vitunda viwili tu, zile kete ndogo, cheupe kwenye mraba wa e4, cheusi e5. Mfalme mweupe, wa programu, alikuwa g5, mweusi c4. Mwendo wa kushinda ni f6, kuzunguka kidogo. Programu ikakimbilia f5, na kwenye skrini ikajipa ushindi. Rafiki yangu akamweka mfalme wake d4, akaegemea kiti.

"Haya kaka, mwambie acheze."

Acheze wapi? Popote mfalme mweupe angekanyaga, angekiacha kitunda chake kiliwe. Laiti angeruhusiwa kupitisha zamu, mweusi ndiye angeumia. Na hapo nikauona ujinga wangu: kwa ule mwendo mtupu nilikuwa nimemruhusu! Ndani ya hesabu zake programu ilifika palepale, ikapitisha zamu, ikajiona imeshinda, ikakata tawi. Ubaya zaidi, kwenye njia ya f6 ilimpa mweusi ruhusa hiyohiyo, ikamwona ameponyoka. Kwa hiyo haikubahatisha. Ilichagua kipigo kwa makini kabisa.

Nikaongeza sharti moja: asiyebakiwa na kitu ila mfalme na vitunda, asipitishe zamu. Tukairudisha nafasi ileile. Ikafikiri kitambo, ikacheza f6.

Ngome nazo, zile kete kubwa za pembeni mwa ubao, huweza kubanwa vivyo hivyo, ila ni mara chache, na kuhakiki kila mkato kwa utafutaji wa pili kungenirudishia ule uzito niliokuwa nimeutua. Nililijua hilo, nikaliacha. Rafiki yangu akaanza kupanga ngome ubaoni. Nikamwambia usiku umekwenda.